Walimshusha Mtumbwini Wakasema ni Wao

Alhamisi iliyopita mvua ilitukuta darasani. Bati likapiga kelele mpaka sauti yangu ikawa haifiki dawati la tatu, nikaweka chaki chini. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Sita wanajua mvua ikishika namna ile, Mwalimu anakaa juu ya dawati la mbele na maswali yanaruhusiwa. Tulikuwa tumemaliza vita vya uhuru vya Marekani: chai iliyomwagwa bandarini Boston, mkataba wa Paris wa mwaka 1783, Uingereza ikakubali kwamba makoloni yale 13 sasa ni dola. Binti mmoja anayekaa karibu na dirisha, ambaye siku zote huandika tu, akafunua ukurasa wa mbele yake, akauliza: "Mwalimu, hapa pameandikwa mwaka 1812 wakapigana tena na Mwingereza. Mtu akishashika talaka yake mkononi, anarudi kugombania nini?"

Darasa likacheka. Nikamjibu harakaharaka yale yaliyo kwenye notsi: biashara, mabaharia, tamaa ya Kanada. Kengele ikalia. Nikatembea hadi kituo cha daladala, maji yakishuka kwenye mawe ya mlimani kama kawaida ya Mwanza, na moyoni najua sikumjibu. Nilimpa orodha. Yeye alikuwa ameuliza jambo la uchungu, na mimi jambo lile nalijua tangu nikiwa mtoto, ila sikuwahi kulipeleka mbali namna hiyo.

Nianze na mjomba.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa mvuvi wa sangara Igombe kabla hajawa fundi wa mitumbwi. Walikuwa wanatoka jioni, wanaipita Ukerewe, wanaipita Ukara, wanatega makila usiku kwenye maji ya mbali ambako huoni mlima wa upande wowote. Mtumbwini walikuwa wanne: mjomba, ndugu wawili wa Ukara, na kijana wa Shirati ambaye Kijaluo alinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Mimi nilikuwa darasa la saba. Usiku mmoja mashua ya faiba yenye mashine mbili ikawafikia. Ndani kulikuwa na watu wenye sare na bunduki, doria ya upande mwingine wa ziwa. Hawakuuliza wamevua nini wala nyavu zao zina matundu ya ukubwa gani. Waliuliza nani ni nani.

Wakawamulika usoni mmoja mmoja na kuwasemesha. Kijana wa Shirati alipojibu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao, mmoja wao akamgeuzia Kijaluo, naye akaitikia bila kufikiri, kama mtu yeyote anavyoitikia lugha ya mama yake. Ikawa imekwisha. "Wewe ni wetu," wakamwambia, "unajificha kwa Watanzania." Kijana akatoa karatasi ya serikali ya kijiji, ina picha, ina mhuri, ameifunga kwenye nailoni isilowe. Mkubwa wao akaimulika, akasema karatasi kama hiyo hata yeye anaweza kuiandika, akaiachia majini. Mjomba akabisha. Wakamchukua na yeye. Wakafungua mashine ya mtumbwi, wakaondoka nayo, na wale ndugu wawili wa Ukara wakapiga makasia hadi mchana wa siku ya pili.

Mjomba alirudi baada ya siku kumi na moja. Kijana alirudi mwezi wa saba, amekonda, na hajapanda mtumbwi tena tangu siku ile. Watu walikuwa wakija kumpa mjomba pole ya mashine, maana mashine ni mali. Yeye alikuwa akirudia neno moja tu: "Wangemwita mwizi ningewaelewa. Mwizi ni neno la ugomvi. Lakini walimwita wao."

Sasa twende kwenye bahari ya Atlantiki, miaka zaidi ya 200 iliyopita.

Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa tangu mwaka 1793, ikapumzika kidogo, ikarudi tena kupambana na Napoleon. Ilikuwa na meli za kivita zaidi ya 500, na meli zile zilitaka watu zaidi ya laki moja. Kazi yenyewe hakuna aliyeitamani: mshahara duni, mjeledi, miaka inapita hujakanyaga nchi kavu. Kwa hiyo watu walikamatwa. Makundi ya askari yalipita bandarini na kusomba vijana kama mizigo. Na aliyekamatwa akipata mwanya alitoroka, na mahali pazuri pa kukimbilia palikuwa meli za biashara za Marekani, ambako mshahara ulikuwa mzuri na lugha ilikuwa ileile. Maelfu ya mabaharia wa Kiingereza walikuwa wakifanya kazi chini ya bendera ya Marekani, jambo ambalo serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa ikilijua. Nalisema hili kwa sababu nataka kuwa mkweli kwa pande zote: Mwingereza alikuwa na watu wake kweli ndani ya meli zile.

Lakini angewajuaje? Hapo ndipo niliposimama mara ya kwanza niliposoma habari hizi, nikiwa chuoni, nikakumbuka ile tochi. Afisa wa Kiingereza alisimamisha meli ya Marekani baharini, akapanda, akawapanga watu sitahani, akawasikiliza wanavyosema. Mtu wa Boston na mtu wa Bristol walisema lugha moja. Aliyekuwa na miaka arobaini mwaka 1807, awe ametoka upande gani wa maji, alizaliwa chini ya Mfalme George, maana siku hiyo Marekani haikuwepo. Na sheria ya Mwingereza ilisema aliyezaliwa mtu wa Mfalme ni wa Mfalme mpaka kaburini, hawezi kujivua. Sheria ya Marekani ya mwaka 1802 ilisema mgeni akikaa miaka 5 na kula kiapo anakuwa raia kamili. Unaona tatizo lilivyo. Mtu mmoja amesimama pale na kofia yake mkononi, dola mbili zinasema ni wake, na kila moja ina sheria ya kuonyesha.

Karatasi zilikuwepo pia. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1796, baharia akaweza kupewa cheti cha uraia kilichoandika urefu wake, rangi ya macho, makovu, michoro ya mwilini. Vingine vilikuwa vya kughushi, vilinunuliwa bandarini, na maafisa wa Kiingereza wakafanya hiyo kuwa sababu ya kutoviamini hata vile vya kweli. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba kufikia mwaka 1812 watu wa Marekani kati ya 6,000 na 10,000 walikuwa wameshushwa namna hiyo kutoka meli za nchi yao. Nikisoma tarakimu hizo nauona mkono ukiachia nailoni majini.

Tukio lililowasha moto lilikuwa la tarehe 22 Juni 1807. Meli ya kivita ya Marekani, Chesapeake, ilikuwa imetoka Norfolk, Virginia, kuelekea Mediterania, sitaha imejaa vifaa, mizinga haijawekwa tayari. Meli ya Mwingereza, Leopard, ikaisogelea, ikadai kuwatafuta watoro. Komodoo James Barron akakataa. Leopard ikafyatua mizinga. Watu watatu waliuawa na 18 kujeruhiwa, na Chesapeake ilijibu mzinga mmoja tu kabla ya kushusha bendera. Waingereza wakapanda, wakachambua watu, wakaondoka na wanne. Mmoja, Jenkin Ratford, alikuwa Mwingereza, naye wakamnyonga mwaka uleule. Watatu waliobaki, William Ware, Daniel Martin na John Strachan, walikuwa watu wa Marekani. Wawili kati yao hawakuwa weupe. Nitarudi kwenye hilo.

Tafadhali ona kitu hapa. Hii haikuwa meli ya kubeba pamba. Ilikuwa meli ya serikali, yenye bendera, yenye askari. Ni kama mtu aingie kwenye kituo chako cha polisi, amchukue askari wako, aseme huyu ni wangu. Nchi ilikuwa na miaka 24 tangu mkataba wa Paris.

Marekani haikwenda vitani mara ile, na hili wanafunzi wengi hawalitegemei. Rais Thomas Jefferson alijaribu njaa kwanza. Desemba 1807 Bunge lilipiga marufuku meli za Marekani kupeleka bidhaa nje, kwa hesabu kwamba Uingereza na Ufaransa, ambazo zote mbili zilikuwa zinakamata meli zake, zingekosa mali na kulegea. Zilizolegea ni bandari za Marekani. Bidhaa zilizouzwa nje zilishuka kutoka dola milioni 108 mwaka 1807 hadi milioni 22 mwaka uliofuata. Anayetaka kuielewa hesabu hiyo afikirie mtu anafunga Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki hapa Mwanza, mwaka mzima: dagaa haitoki kwenda Kongo, wachukuzi wamekaa kwenye mikokoteni, mama lishe hana wa kumpikia, na wewe unaambiwa vumilia, tunamkomoa mtu aliye ng'ambo. Mwaka 1809 wakaifuta sheria ile, wakajaribu nyingine laini, nayo haikufaa kitu.

Ndipo akaja Rais James Madison. Tarehe 1 Juni 1812 alipeleka ujumbe Bungeni, na lalamiko la kwanza aliloliweka mezani lilikuwa hilo la watu kukamatwa baharini. Kisha amri za Mwingereza za kuzuia meli zisiende Ulaya. Kisha vita vya mpakani na mataifa ya wenyeji, ambavyo Wamarekani waliamini Mwingereza anavichochea kutoka Kanada, koloni lake. Wawakilishi walipiga kura 79 kwa 49, maseneta 19 kwa 13, na tarehe 18 Juni vita vikatangazwa. Marekani ilikuwa na meli za kivita zisizofika 20.

Kura zile zina fumbo. Sehemu kubwa ya watu wa New England, majimbo ya kaskazini mashariki, wenye meli na wenye bandari, walivipinga vita. Waliovitaka kwa sauti kubwa walikuwa wanasiasa vijana kutoka bara na kusini, kina Henry Clay wa Kentucky, mahali ambapo bahari huioni hata ukipanda juu ya mti. Vitabu vingine vinaishia hapo: vinasema basi mabaharia walikuwa kisingizio. Mimi naona vinakosea, au vinasema nusu. Mjomba alipochukuliwa, walioshika mapanga pale mwaloni na kutaka twende tukachome kambi za ng'ambo hawakuwa wavuvi. Wavuvi walikaa kimya. Kesho yake walikuwa na nyavu majini na ziwa ni lilelile. Waliopiga kelele walikuwa vijana wa bodaboda na wengine waliopanda daladala kutoka mjini, hata mtumbwi hawajui kuutia maji. Je, hasira yao ilikuwa ya uongo? Hapana. Anayevua anahesabu hasara, na aliye mbali anabaki na tusi peke yake, halina cha kulipoza. Kelele za mbali zinaweza kuwa za kweli na zikawa na tamaa ndani yake, vyote viwili.

Na kuna ushahidi mmoja ambao kwangu ndio jibu la yule binti. Tarehe 23 Juni 1812, siku tano tu baada ya vita kutangazwa, Uingereza ilizifuta zile amri za kuzuia biashara. Hapakuwa na simu ya upepo. Habari zilivuka bahari kwa tanga, wiki kadhaa. Zilipofika, mtu ungetegemea vita viishe. Sababu ya biashara ilikuwa imeondoka. Makamanda wakapendekeza kusimamisha mapigano. Madison akakataa, kwa sababu moja: hilo la kushusha watu melini lilikuwa bado lipo, na Uingereza haikutaka hata kulijadili. Ungeweza kumrudishia pamba yake, tumbaku yake, njia zake zote za baharini, bado angekuwa na neno. Talaka alikuwa nayo mkononi. Lakini yule wa zamani alikuwa anaingia ndani bila hodi, anamshika mtoto mkono, anasema huyu hajawahi kuwa wako. Hapo hati ya talaka haina kazi.

Ndiyo maana sikubali maneno rahisi kwamba dola changa inapigana na mtawala wake wa zamani kwa kiburi cha ujana. Inaweza kuwa na kiburi, ndiyo. Lakini angalia swali linalogombaniwa: mtu huyu ni wa nani? Mtawala anapoondoka anakuachia bendera, jengo la bunge, kodi, reli. Anachoshindwa kuachia ni ile tabia ya kuwahesabu watu wako kuwa wake.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya wanafunzi wangu, kwa hiyo siishii hapo.

Swali lile Marekani ililiuliza kwa sauti kuu kwa ajili ya mabaharia, na ikakataa kuulizwa na wengine. Tecumseh, kiongozi wa Washawnee, alikuwa akizunguka miaka ile kuyaunganisha mataifa ya wenyeji yasiuze tena ardhi, kwa hoja kwamba ardhi ni ya wote na hakuna kabila moja linaloweza kuitia saini. Novemba 1811, Tecumseh akiwa safarini kusini, jeshi la Marekani chini ya William Henry Harrison lilipigana na watu wake mahali panaitwa Tippecanoe na kuchoma kijiji chao. Alipokwenda upande wa Mwingereza hakwenda kwa kumpenda Mfalme. Aliuawa vitani tarehe 5 Oktoba 1813, na umoja aliokuwa ameujenga ukavunjika. Kusini, Agosti 1814, jenerali wa Marekani, Andrew Jackson, aliwalazimisha Wacreek, taifa jingine la wenyeji, kutoa ekari milioni 23, na kati ya waliotia saini walikuwemo Wacreek waliopigana upande wake. Nimepiga hesabu: ekari milioni 23 ni kubwa kuliko ziwa letu lote, kutoka Mwanza hadi Jinja hadi Kisumu. Ukiniuliza nani alishindwa katika vita vile, sitamtaja Mwingereza wala Mmarekani.

Na watumwa. Aprili 1814 Admirali Alexander Cochrane alitoa tangazo kwamba watakaokuja kwenye meli za Mwingereza na familia zao watapokelewa, wapewe kazi ya jeshi au makazi huru. Wapatao 4,000 walitoroka mashamba ya Virginia, Maryland na Georgia, usiku, kwa mitumbwi, na watoto migongoni. Wengine walipelekwa Nova Scotia, wengine Trinidad, ambako wajukuu wao wapo hadi leo. Baada ya vita Marekani ilidai. Ilidai kurudishiwa watu wale au kulipwa thamani yao, na mwaka 1826 Uingereza ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.2. Nchi ileile iliyokataa mabaharia wake waitwe mali ya Mfalme ilikaa mezani na orodha ya watu wake, na bei. Wawili kati ya wale watatu wa Chesapeake, ambao kwa ajili yao taifa lilitaka damu, wangeweza kuwa kwenye orodha hiyo kama wangezaliwa shamba fulani la kusini. Hili nitalifundisha wiki ijayo, hata kama halitatoka kwenye mtihani.

Mapigano yenyewe sitayasimulia yote. Marekani ilivamia Kanada ikashindwa, ikapoteza hata Detroit Agosti 1812. Waingereza wakachoma Ikulu na Bunge la Washington tarehe 24 Agosti 1814. Ila kuna pambano moja siwezi kulipita, kwa kuwa lilipiganwa ziwani na kwa kuwa nilimsimulia mjomba Jumapili iliyopita.

Nilimkuta chini ya mwembe wake Igombe anakalafati mtumbwi wa mtu, pamba mkononi, patasi butu, kopo la mafuta pembeni. Nikamsalimu, akaniitikia: "Marahaba, mama. Kaa hapo usichafuke." Nikamwambia kuna ziwa linaitwa Erie, la kwetu linalimeza zaidi ya mara mbili, na upande mmoja ulikuwa wa Mwingereza, upande mwingine wa Mmarekani. Mmarekani hakuwa na meli za maana huko. Basi mafundi wakapelekwa msituni, mahali panaitwa Presque Isle, wakaanza kuangusha miti na kuijenga hapohapo, mti uliosimama asubuhi umeingia ubavuni mwa meli kabla haujakauka.

Mjomba akaacha kugonga. "Mbao mbichi?"

"Mbichi."

"Itapinda. Itaachia misumari. Miaka miwili tu imeoza."

Nikamwambia walilijua hilo. Walitaka meli za pambano moja. Akafikiri, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyemwelewa fundi mwenzake. Alichokipenda zaidi ni habari ya fungu la mchanga lililoziba mlango wa ghuba: maji machache, meli mbili kubwa nzito, nazo lazima zitoke. Wakashusha mizinga yote, wakafunga masanduku makubwa ya mbao ubavuni yakiwa yamejaa maji, kisha wakayanyonya maji kwa pampu. Masanduku yakaelea, yakainyanyua meli, ikavushwa. Alinifanya nirudie mara mbili, akachora kwa kijiti mchangani.

Tarehe 10 Septemba 1813 Oliver Hazard Perry, kijana wa miaka 28, alitoka na vyombo tisa kupambana na sita vya Mwingereza. Meli yake, Lawrence, ilipigwa mpaka watu wanne katika kila watano waliokuwa wazima wakawa wameuawa au kujeruhiwa. Perry akashuka kwenye mtumbwi mdogo, akapigiwa makasia katikati ya risasi hadi meli nyingine, Niagara, akarudi nayo vitani. Jioni vyombo vyote sita vya Mwingereza vilikuwa mikononi mwake.

Amani ilitiwa saini Ghent, nchi inayoitwa Ubelgiji leo, tarehe 24 Desemba 1814. Mipaka ikarudi ilivyokuwa. Kuhusu kushusha watu melini mkataba haukusema neno hata moja. Marekani ilikuwa imechoka, imeliondoa dai lile mezani yenyewe. Tabia ile ilikufa kwa sababu Napoleon aliondoka na Mwingereza hakuhitaji tena watu wengi kiasi kile. Lakini hakuirudia. Na mwaka 1817 pande mbili zikakubaliana kuondoa meli za vita kwenye maziwa, kila upande ubaki na vyombo vichache, visizidi tani 100, na mzinga mmoja. Niliposoma makubaliano hayo nilitamani yabandikwe kila mwalo wa ziwa hili.

Kuna mtu darasani ataniuliza: na sisi? Sisi pia tuliwahi kusimama mbele ya Mwingereza. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao weupe. Uingereza ilisema koloni lile ni lake na watu wake ni wake, lakini ilipofika wakati wa kuwalinda walio wengi ikaona mikono yake mifupi. Tarehe 15 Desemba Mwalimu Nyerere alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Tulikuwa na miaka minne tangu uhuru. Tulipoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao nchi iliuhitaji sana, na uhusiano haukurudi mpaka mwaka 1968. Hatukufyatua risasi. Tulilipa kwa mfuko. Swali lilikuwa lilelile, safari hii likiulizwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine, na kwangu mimi hilo linazidi lile la Madison kwa uzito.

Jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa na mjomba alikuwa amebakiza mshono mmoja. Nilidhani ameshasahau mwanzo wa hadithi.

"Wale wanne," akasema. "Waliorukiwa kwenye meli ya serikali. Walirudi?"

Nikamwambia mmoja alinyongwa. William Ware alifia hospitali huko Halifax. Wawili walirudishwa Julai 1812, vita vikiwa vimeshatangazwa, miaka mitano imepita. Walipelekwa Boston, wakapandishwa kwenye sitaha ya Chesapeake yenyewe, wakakabidhiwa hapo.

"Meli ileile?"

"Ileile."

Akachukua pamba, akaisokota, akaipachika kwenye mshono na kuigonga taratibu mpaka ikaingia yote.

"Yule wetu," akasema, "walimshusha stendi, usiku, upande wa huko. Nauli aliomba."